Baipleni ya rimoti inapokataa mkono: tafuta kosa kabla ya kugusa trimu

Jumamosi moja asubuhi kijana alitufikia Luchelele, kusini ya jiji la Mwanza, na baipleni yake kwapani, ndege ya mfano ya mabawa mawili yaliyopangwa juu na chini: Tiger Moth ya fomu yenye mabawa ya sentimita 120. Kabla ya kuitazama ndege niliiangalia rimoti yake. Trimu ya usukani (kitufe cha kuusogeza ubao wa wima wa mkia kidogo na kuuacha hapo) ilikuwa imesukumwa kulia hadi mwisho, na ya eleroni (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege) imebakiza kidogo tu ifike ukingoni. Nikamwuliza inamsumbuaje.

"Inavuta kushoto, kaka. Nimeiwekea trimu mpaka ikanyooka, lakini nikipunguza nguvu ili nitue, inakimbilia kulia."

Maneno hayo yalikuwa na jibu ndani yake. Kosa linalobadilika pale unapobadilisha nguvu ya mota chanzo chake ni mota. Kosa linalobaki vile vile, mota ikivuma au ikinyamaza, liko kwenye mabawa, mkia au mgawanyo wa uzito. Trimu haitofautishi hayo mawili. Inasukuma mkia upande mmoja muda wote, hata pale sababu ya kuusukuma imeshaondoka. Ndiyo maana nasisitiza kwa kila anayeanza: trimu ni ya kumalizia. Ikizidi vidonge (hatua za kitufe cha trimu) vitatu au vinne kutoka katikati, shusha ndege chini na utafute kilichopinda.

Baipleni inahitaji uangalifu huu kuliko ndege ya bawa moja. Ina mabawa manne ya kupinda, nguzo za kulegea, waya za kukaza, na eleroni ambazo mara nyingine za juu zimefungwa kwa za chini kwa kijiti. Kosa dogo la upande mmoja huzaa dalili upande mwingine kabisa.

Kwanza hewa yenyewe

Ziwa letu la Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho peke yake hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko hewa sanifu ya pwani, ile inayotumika kwenye hesabu za vitabu. Saa nane mchana, joto likifika nyuzi 28, pengo hilo hukaribia asilimia 16. Bawa litabeba uzito ule ule, ila litadai kasi zaidi, karibu asilimia 9. Kwa hiyo ndege iliyokuwa ikitua taratibu Dar es Salaam itaonekana nzito na ya haraka hapa Mwanza bila kuwa na kosa lolote. Wenye injini ya mafuta nao wataona inabanwa na mafuta mengi. Punguza mafuta kwenye sindano ya kabureta mpaka mlio usafike.

Halafu kuna upepo. Kabla ya saa tatu asubuhi ziwa huwa limelala. Jua likishapasha nchi kavu, upepo huanza kuingia kutoka ziwani, na hapo mawe yetu makubwa ya Mwanza huingia kazini. Upepo ukivuka rundo la mawe hujiviringisha upande wa pili, na msukosuko huo unaweza kufika mbali hata mara kumi ya kimo cha mawe yenyewe. Baipleni ni nyepesi na ina eneo kubwa la kupigwa, hivyo ikipita hapo hunyanyuliwa bawa moja ghafla na mrushaji akadhani sevo, kimota kinachosogeza vibao vya kuongozea, imegoma. Dalili uliyoiona alasiri irudie alfajiri hewa ikiwa imetulia. Ikitoweka, iache ndege kama ilivyo.

Kuhusu mahali: sisi tuko kusini ya jiji, mbali na uwanja wa ndege ulioko Ilemela. Upande wa Igombe na Pasiansi usirushe, na popote ulipo fuata kanuni za TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Inavuta kushoto ikiwa na nguvu

Propela nyingi huzunguka kwenda kulia ukiitazama kutoka nyuma ya ndege. Mota inapoizungusha hivyo, mwili wa ndege unasukumwa kupinduka kushoto. Zaidi ya hapo, upepo wa propela huuzunguka mwili kama kamba inayoviringishwa mtini na kuja kugonga ubavu wa kushoto wa pezi la wima. Mkia unakwenda kulia, pua inakuja kushoto. Baipleni ina pua fupi na propela kubwa, na huonyesha tabia hii waziwazi wakati wa kuruka, mkia ukiwa bado chini.

Ipime hivi. Ukiwa juu vya kutosha, nyoosha ndege ikitazama upepo kwa nguvu nusu na uweke trimu mpaka iende yenyewe. Sasa sukuma nguvu hadi mwisho bila kugusa kijiti kingine. Ikihama kushoto, mota haijaelekezwa kulia vya kutosha. Kisha ikate nguvu kabisa. Ikihama kulia, kama ya yule kijana, trimu ilikuwa inaficha kosa la mota.

Dawa ni kuielekeza mota kulia digrii 2 hadi 3. Legeza skrubu za mota na uweke washa, zile ringi nyembamba za bati, nyuma ya kitako chake upande wa kushoto, kushoto kwa maana ya mtu aliyekaa ndani ya ndege. Kama matundu ya skrubu yameachana milimita 25, washa ya milimita 1 inaleta digrii 2 na ziada kidogo. Baada ya hapo rudisha trimu zote katikati, nyoosha usukani kwa kurefusha au kufupisha spoki yake (waya unaotoka kwenye sevo), na urudie jaribio. Nusu ya wanaoweka washa husahau kurudisha trimu, wakaona ndege sasa inavuta kulia na kulaumu washa.

Inalalia upande mmoja

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo baipleni nyingi huharibikia.

Siku ile, tulipokwisha kurekebisha mota, ndege ya kijana ilinyooka pua lakini bado ililala kidogo kulia. Mzee mmoja fundi wa mitumbwi, ambaye hututazama karibu kila wiki, aliomba kuishika. Akaigeuza mkia umwelekee, akafumba jicho moja na kuitazama kwa mstari kama anavyotazama ubao kabla ya kuupigilia. Akasema, "Bawa la chini la kushoto limejisokota, mwanangu. Nyuma limeshuka." Tulipopima kwa rula akawa sahihi, milimita 4.

Jicho la namna hiyo lina miaka mingi ndani yake. Sisi wengine tutumie rula. Weka ndege juu ya meza iliyo sawa, mwili ukiwa umesimikwa usitikisike. Pima kutoka mezani hadi ukingo wa mbele wa bawa, kisha hadi ukingo wa nyuma, karibu na mwili na tena karibu na ncha. Fanya hivyo kwa mabawa yote manne na uandike namba. Kwa bawa lenye upana wa sentimita 18 kutoka mbele hadi nyuma, kila milimita 3 za tofauti ni digrii 1. Digrii moja kwenye ncha inatosha kukusumbua.

Namba zikisomwa pamoja na dalili, zinaeleza mengi. Bawa ambalo ukingo wake wa nyuma umeshuka linakamata hewa zaidi, hivyo linanyanyuka, na ndege inalalia upande wa pili. Lakini ukipunguza kasi sana, bawa hilo hilo ndilo linaloachia hewa kwanza, yaani linapoteza nguvu ya kubeba, na ndege inaangukia upande wake. Kwa hiyo ndege inayolala kulia ikiwa na kasi na kudondokea kushoto ikiwa polepole ina bawa la kushoto lililosokota. Ndege inayolala kushoto kwa kasi zote, na ukiivuta juu kwa nguvu inainamisha bawa lile lile, ina uzito uliozidi kushoto. Ishike kwa kidole kimoja kwenye ekseli ya propela na kingine chini ya mkia uone upande unaozama; gundi kipande kidogo cha chubwi kwenye ncha ya upande mwepesi.

Sasa, bawa la kijana lilisokotwa na nini? Na waya zake. Alikuwa ametumia mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule mweupe wa uzi mmoja, kukaza nguzo za kushoto na kulia. Wazo ni zuri na mshipi unapatikana kila duka la zana za uvuvi. Ila nailoni hunywa maji na kurefuka. Ndege ilikuwa imelala usiku mzima kwenye baraza inayoelekea ziwani. Nilipogusa mshipi wa kulia ulilia kama uzi wa zeze. Wa kushoto ulinyamaza na kubonyea chini ya kidole. Bawa la kulia lilishikwa, la kushoto likawa huru kujisokota kadiri hewa ilivyolisukuma.

Tuliikata nailoni yote na kuweka mshipi wa kusokotwa, ambao haurefuki kirahisi. Tulikaza jozi kwa jozi, kushoto kidogo, kulia kidogo, tukipima kingo kila mara, kwa sababu ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza utapinda bawa kuelekea huko. Sauti ya mishipi pande zote mbili ikifanana, umekaribia. Kama bawa lenyewe limekaa vibaya hata bila waya, fomu inyooshwe kwa mvuke au maji ya moto na kushikiliwa hadi ipoe. Bawa la mbao lililovikwa karatasi ya plastiki lisokotwe taratibu upande wa kinyume, huku pasi ya moto mdogo ikipita juu ya karatasi.

Kuna jambo jingine la baipleni peke yake: pembe ya bawa la juu ikilinganishwa na la chini. Kama mchoro wa ndege yako unasema zilingane, zilingane. Kama unataka tofauti ya digrii moja, iwe hiyo moja. Bawa la juu kwa kawaida limetangulia mbele, na ni vyema lianze kuachia hewa kabla ya la chini, kwani hapo pua hushuka yenyewe na kasi kurudi. La chini likitangulia kuachia, pua hupanda wakati ambapo kasi imeshakwisha, na hilo ni hatari ukiwa mita tatu juu ya nyasi.

Pua inapanda na kushuka, au eleveta (ubao wa mkia wa kupandisha na kushusha pua) ni kali mno

Kitovu cha uzito, mahali ndege inaposawazika ukiishika, kimeangusha baipleni nyingi siku ya kwanza kwa sababu mtu amepima kutoka kwenye bawa moja tu. Chukua mabawa yote mawili. Tuseme kila bawa lina upana wa sentimita 18, na la juu limetangulia la chini kwa sentimita 6. Ukitaka kitovu kiwe kwenye asilimia 28 ya upana wa bawa, kwa bawa la juu ni sentimita 5 nyuma ya ukingo wake. Kwa la chini ni 5 nyuma ya ukingo wa la chini, yaani 11 ukihesabu kutoka ukingo wa la juu. Mabawa yakiwa na ukubwa sawa, kitovu ni katikati ya 5 na 11: sentimita 8. Aliyetumia bawa la juu peke yake atakuwa na pua nzito kwa sentimita 3, na ndege itaruka kwa uzito. Aliyetumia la chini peke yake atakuwa na mkia mzito kwa sentimita 3, na huyo huenda asiirudishe ndege nyumbani nzima.

Baipleni nyingi hutoka na mkia mzito kwa sababu pua ni fupi. Sogeza betri mbele kabla ya kuongeza uzito wowote. Isipotosha, chubwi za nyavu zikatwe vipande na kufungwa imara nyuma ya mota.

Ukiwa hewani, hakikisha kwa jaribio la kupiga mbizi. Panda mita 60 hivi, nyoosha ndege kwa nguvu nusu, inamishe pua karibu digrii 40, rudisha nguvu chini na uachie kijiti. Ikijinyanyua taratibu, iko vizuri. Ikijinyanyua kwa kasi, pua ni nzito na wewe umekuwa ukiibeba kwa trimu ya juu, yaani ya eleveta ya kupandisha pua. Ikizidi kuinama, mkia ni mzito. Tua sasa, kwa upole, usiendelee kuruka.

Wapo wanaoona ndege inapanda kila wakiongeza nguvu na kukimbilia kuinamisha mota. Nawasihi wasiiguse mota kabla ya kitovu kuwa sawa, kwa sababu pua nzito pamoja na trimu ya juu huleta dalili ile ile kila kasi inapoongezeka. Kitovu kikishakaa, na bado inapanda, washa nyuma ya sehemu ya juu ya mota itaielekeza chini.

Eleveta ikiwa kali wakati kitovu kiko sawa, punguza mwendo wa sevo kwa kusogeza spoki tundu la ndani kwenye mkono wa sevo, au weka ekspo, mpangilio wa rimoti unaolainisha kijiti karibu na katikati, asilimia 30. Angalia alama: chapa nyingine hulainisha kwa kujumlisha, nyingine kwa kutoa. Tazama ubao wa eleveta unavyosogea kabla ya kurusha.

Unakata kona, pua inakwenda kinyume

Unatoa eleroni kushoto. Ndege inalala kushoto, lakini pua inatazama kulia kwanza na mkia unaning'inia. Eleroni inayoshuka inakamata hewa zaidi na kuburuta bawa lake nyuma. Hii ni tabia ya kuzaliwa ya ndege za zamani. Tiger Moth halisi, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, ina eleroni kwenye mabawa ya chini tu, na zimeundwa zipande sana na zishuke kidogo kwa ajili hiyo hiyo.

Fanya vivyo kwenye modeli: milimita 14 juu, 7 chini ni mwanzo mzuri. Ukiwa na sevo mbili, rimoti italifanya. Ukiwa na moja, geuza mkono wa sevo uanze ukiwa umeinama. Kisha zoeza kidole chako cha usukani kitangulie kidogo kila kona. Rimoti inaweza kuchanganya usukani na eleroni, na si vibaya kuanzia asilimia 15, lakini kidole kilichozoea ndicho kitakachokuokoa ukiwa chini na upepo wa ubavu.

Inazunguka ardhini, au inapiga pua

Magurudumu ya mbele yakiangalia nje hata kidogo, ndege hujizungusha. Yaelekeze ndani kidogo. Gurudumu la mkia liwe gumu na limenyooka. Shika eleveta juu unapoanza, ongeza nguvu polepole, na usukani uanze kazi kabla ya ndege kuhama. Ikipiga pua kwenye nyasi, miguu imekaa nyuma mno. Ekseli ya magurudumu iwe karibu chini ya ukingo wa mbele wa bawa la chini.

Mlio wa kuzizima, au mkono unaochelewa

Ukisikia mlio kama wa nyuki mkubwa ndege ikishika kasi, kata nguvu papo hapo, iinue pua taratibu na utue. Ubao mmoja wa kuongozea, kama eleroni, unapapatika na unaweza kung'oka. Angalia bawaba, na vijiti vinavyounganisha eleroni za juu na za chini. Vikicheza ndani ya tundu, badilisha. Sevo zikitetemeka zenyewe, ondoa propela kwanza, kisha jaribu umbali wa redio kama kitabu cha rimoti yako kinavyosema, na uone kama antena za risiva, kipokezi cha redio ndani ya ndege, zimebanwa kando ya betri.

Inadondoka ukikaribia kutua

Mabawa mawili, nguzo na waya huburuta hewa nyingi. Ukikata nguvu, kasi hufa mara moja, na hewa yetu nyepesi huongeza shida hiyo. Ingia kwa nguvu robo hivi, pua ikiwa chini kidogo, na uikate pale magurudumu yanapokaribia nyasi. Ncha ya bawa ikianza kuzama, usijaribu kuinyanyua kwa eleroni; utashusha eleroni kwenye bawa linaloachia hewa na kulimalizia. Tumia usukani wa upande wa kinyume na uongeze nguvu.

Kijana aliruka mara tatu asubuhi ile, trimu zote zikiwa zimebakiza kidonge kimoja au viwili kutoka katikati. Mara ya tatu alikata nguvu ndege ikiwa juu ya maji nayo ikateleza moja kwa moja kuelekea kwetu. Kwenye daftari lake aliandika vipimo vyote vya kingo, na chini yake: kugonga mishipi kwa kidole kila asubuhi kabla ya kuweka betri.